Mechi ya Kukamilisha Ratiba

Refa Mstaafu anajibu barua za wachezaji gemu

*Shikamoo Refa. Mimi ni kapteni wa timu ya watu watano. Kwenye ligi yetu tumepoteza mechi nne mfululizo, na hesabu zimegoma: hata tukishinda ya mwisho tunaaga. Wenzangu wawili wanataka siku hiyo tuchague mashujaa (wale wahusika tunaowaendesha kwenye gemu) wa ajabu ajabu, anayecheza nyuma apelekwe mbele, tucheke, tumalize, twende zetu. Nikawaambia si vizuri. Wakaniuliza, "Si vizuri kwa nani?" Nikakosa jibu. — Kapteni Asiye na Hoja*

Marahaba, Kapteni. Wenzako wameuliza swali zuri kuliko wanavyojua wenyewe.

Nianze na la kwangu, maana sipendi kuhubiri nikiwa nimejificha nyuma ya filimbi. Kabla sijawa refa nilikuwa kapteni kama wewe. Msimu mmoja tulijihakikishia kuongoza kundi tukiwa bado na mechi moja mkononi. Kwetu ilikuwa ya kukamilisha ratiba tu. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, tukabadilishana nafasi: mimi niliyezoea kutibu majeraha ya wenzangu na kuwawekea taa kwenye msitu wa ramani ili wamwone adui nikapewa kazi ya muuaji, na muuaji wetu akapewa taa. Tulicheka mpaka mmoja wetu akavua hedifoni apate kupumua. Tukapigwa, na mechi ikaisha mapema kuliko zote za siku ile.

Kumbe ushindi ule uliwapa wapinzani wetu nafasi ya pili. Timu nyingine, iliyokuwa imekwisha kumaliza mechi zake na inasubiri matokeo yetu, ikatolewa kwa tofauti ya pointi moja. Vijana hao walikuwa wamekaa safu ya nyuma yetu ukumbini. Sikuwasikia kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamezibwa na kicheko chetu wenyewe. Kapteni wao alinifuata nikajiandaa kwa matusi, na matusi ningeyaweza. Alichosema ni hiki: "Kaka, tulikuwa tunawashangilia nyie." Akanipa mkono, akarudi kukunja nyaya zake.

Hatukuvunja kanuni hata moja. Refa wa siku ile hakuandika chochote kwenye ripoti. Mimi mwenyewe hadi leo nikimwona mtu anakunja waya wa kibodi taratibu, akiuzungusha kiganjani, namkumbuka yule.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa wenzako ni timu ya tatu. Kabla hamjasema mechi haina maana, fungueni jedwali la kundi zima, si mstari wenu peke yake. Wapenda kandanda wanalijua hili tangu Kombe la Dunia la 1982, pale Gijón, Hispania. Ujerumani Magharibi walihitaji ushindi mwembamba dhidi ya Austria ili timu zote mbili zipite. Hrubesch akafunga dakika ya 10, na baada ya hapo mpira ukawa wa kupasiana kama watu wanaosubiri gari. Algeria, waliokuwa wamewafunga hao hao Wajerumani 2–1 na kumaliza mechi zao siku moja kabla, wakatoka. Ndiyo maana siku hizi mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kwenye gemu bado tunasuasua: waandaaji wengi wanataka kila mechi ionekane kwenye matangazo makuu, basi wanazipanga moja baada ya nyingine, na wa mwisho kucheza anakaa akijua hatima ya kila mtu. Seva zingeweza kuchezesha mechi nne kwa wakati mmoja bila kutoa jasho. Tatizo ni matangazo. Lakini hilo si la kukubebesha wewe, Kapteni.

Tuseme sasa mmefungua jedwali na kweli hakuna wa tatu: nyinyi mmetoka, wapinzani wamefuzu, mechi haimgusi mtu. Hapo wenzako watasema, "Sasa je?"

Nenda Seoul, Desemba 2011, kwenye Blizzard Cup ya StarCraft II, gemu ya vita ambayo mchezaji mmoja anaongoza jeshi zima. Wachezaji kumi, makundi mawili ya watano. Msweden aitwaye NaNiwa na Mkorea NesTea, bingwa mara tatu wa GSL, ligi kubwa ya gemu hiyo huko Korea, walikuwa wamepoteza mechi tatu tatu kila mmoja, na wakabaki wao kwa wao. Haikuwa na chochote, ila mashabiki waliisubiri kwa hamu kwa sababu hawa wawili walikuwa na visa vyao vya nyuma. Mchezo ukaanza, NaNiwa akawakusanya vibarua wake wanaochimba madini, wale ambao kazi yao ni kuchimba, akawatuma kushambulia kambi ya adui mwanzoni kabisa. Bila askari, bila jengo la vita. Wakafa, akaondoka. Watangazaji walikuwa hawajamaliza hata kuwasalimu watazamaji vizuri.

GOMTV, waliokuwa wakiendesha ligi hiyo, wakamnyima nafasi yake ya Code S, daraja la juu kabisa la mashindano yale. Yeye akaomba radhi. Mashabiki wakagawanyika na wengine bado hawajapatana: upande mmoja unasema alilipwa kucheza na hakucheza, upande mwingine unasema hakuna kanuni iliyokataza kushambulia kwa vibarua.

Mimi niko pande zote mbili, na naomba msinicheke. Adhabu ilikuwa kubwa mno kwa kosa lisiloandikwa popote. Mwandaaji anayetaka mechi za mwisho zichezwe kwa moyo aandike hivyo kwenye kanuni kabla, na asiwapangie watu wawili waliokwisha kutoka mechi ya peke yao kisha ashangae. Lakini kitendo chenyewe kilikuwa kibaya. Kushambulia mapema kwa vibarua ni mbinu halali, nimeiona ikishinda. Ubaya ni kwamba hakuwa anajaribu kushinda, na kila aliyekuwa anatazama alijua, kuanzia NesTea aliyekaa kwenye kibanda cha pili. Bingwa mara tatu kafanyiwa kama mlango unaofungwa ili mtu aende kulala.

Kapteni, hapo ndipo mahali pa kushika. Usiwaambie wenzako wacheze kwa huzuni. Waambie wachague hao mashujaa wa ajabu kama wanataka, lakini kwa sharti moja: kabla ya mechi kila mtu aseme anajaribu nini. "Nataka kuona kama huyu anaweza kuhimili njia ya kati ya ramani dakika kumi za mwanzo." Sawa, hilo ni jaribio. "Nataka kuona sura ya kocha wao." Hilo ni mzaha. Baada ya mechi, chukua daftari mwandike mlichokiona. Nimekaa kwenye vyumba vya timu nyingi, na nimeona mbinu iliyozaliwa kwenye mechi isiyo na kitu ikaja kuwa mkate wa timu hiyo msimu uliofuata, kwa sababu ndiyo siku pekee walipoweza kukosea mbele ya mpinzani wa kweli bila kulipia. Timu ya mazoezi haikupi hilo. Mpinzani wa mazoezi anaficha mambo yake; aliyefuzu naye ana lake la kujaribu, mtakutana mkijaribu wote.

Na hao wawili kama bado wanataka mzaha, uliza kama kuna mchezaji wa akiba ambaye msimu mzima amekaa akiangalia migongo yenu. Nina hakika mmoja wao atabadili mawazo ghafla.

*

*Refa, habari za siku nyingi. Sisi tumefuzu tukiwa na mechi moja. Kocha anataka tuweke wachezaji wa akiba, tufiche mbinu zetu, na "tusijali sana tukipoteza", kwa sababu mshindi wa pili atakutana na timu nyepesi kwenye mtoano. Hii ni akili au ni dhambi? — Mlinda Lango wa Kushoto*

Njema, Mlinda Lango. Kocha wako ameweka vitu vitatu kwenye kapu moja, na kimoja kimeoza.

Kuweka akiba: halali, na mimi napenda. Mkono wa mchezaji ni mkono. Kifundo kinachouma hakijui kama mechi ina maana. Ilimradi jina la akiba lipo kwenye orodha mliyowasilisha na refa ameambiwa kwa wakati.

Kuficha mbinu: halali vilevile. Hakuna anayelazimika kumwaga mzigo wake wote mezani. Unaweza kucheza kwa nguvu zako zote ukitumia mpango wa kawaida ambao kila mtu anaujua.

Kilichooza ni hilo la "tusijali sana". Na nadhani unajua, ndiyo maana umeliweka kwenye alama za kunukuu.

London, Olimpiki ya 2012, badminton ya wanawake wawili wawili. Mwaka huo waandaaji walileta hatua ya makundi badala ya mtoano wa moja kwa moja. Ikafika jioni ya Julai 31, jozi kadhaa zimefuzu tayari, na kila moja inapiga hesabu: nikishinda leo nakutana na nani, nikishindwa nakutana na nani? Wachina Wang Xiaoli na Yu Yang, waliokuwa juu kwenye orodha ya ubora, hawakutaka kukutana na Wachina wenzao kabla ya fainali. Wakakutana na Wakorea nao wana hesabu zao. Kilichofuata ni timu mbili zinazoshindana kupoteza: mpira wa manyoya unapelekwa wavuni, unatolewa nje, na hakuna anayepata hata mapigo matano mfululizo. Watu ukumbini wakazomea. Refa akaingia uwanjani kuonya. Mechi ya pili ikaja ikawa hivyo hivyo, Wakorea wengine na Waindonesia. Kesho yake jozi nne, wachezaji wanane, wakafukuzwa mashindanoni. Kosa lililoandikwa: kutotumia juhudi zao zote kushinda.

Nimesoma maneno hayo mara nyingi nilipokuwa refa, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza ningeyapimaje kwenye gemu. Kwenye badminton unaona mkono. Kwenye gemu mtu anaweza kupoteza kwa ustadi: anachelewa nusu sekunde, anaingia pambano bila kuwaambia wenzake, anatumia uwezo wake mkubwa kwenye kichaka kitupu. Refa haoni. Wenzake wa timu wanaona, tena mara moja. Na hapo ndipo kocha wako hajafikiri: mchezaji wa akiba aliyepewa nafasi yake ya kwanza ataambiwaje "usijali sana"? Amesubiri miezi. Unamfundisha nini siku ya kwanza?

Nisiwaache waandaaji wapite wakipiga mluzi. Ukiweka mfumo ambao kushindwa kuna faida, utapata watu wanaotafuta kushindwa. Hata shirikisho la badminton lilibadili mambo kwa Rio 2016, jozi zinazoshika nafasi ya pili zikapangiwa wapinzani kwa kura, hesabu ikafa. Kwenye gemu dawa ninayoipenda ni mfumo wa Uswisi. Timu zenye rekodi sawa hukutana. Ukishinda mara tatu umepita na huchezi tena, ukipoteza mara tatu umetoka na huchezi tena. Mashindano makubwa ya gemu ya Counter-Strike yanautumia, na wenye gemu ya League of Legends wakauingiza kwenye mashindano yao ya dunia mwaka 2023. Hakuna anayebaki uwanjani akikamilisha ratiba. Kama ligi yenu ina wasikivu, wapelekeeni.

Miongoni mwa wale wanane waliofukuzwa London alikuwemo Greysia Polii wa Indonesia. Miaka tisa baadaye, Tokyo, akiwa na mwenzake mpya Apriyani Rahayu, alichukua dhahabu. Hawakuwa wamepangwa hata miongoni mwa jozi zilizopewa nafasi. Mpe kocha wako akasome habari za huyo mama, kisha mzungumze.

*

*Salaam. Fainali tumeingia sisi na timu ya marafiki zetu, tunafanya mazoezi pamoja kila wiki. Tumekubaliana zawadi tugawane nusu kwa nusu, kwa hiyo fainali tutacheza kwa kujifurahisha na watazamaji watafurahi pia. Kuna ubaya? — Ndugu wa Pande Mbili*

Upo. Na umekwisha kufanyika, sasa hivi, kabla hata ya kuwasha kompyuta.

Agosti 2012, mashindano ya gemu ya MLG, Raleigh, Marekani. Fainali ya League of Legends kati ya Curse na Dignitas. Mchezo wa kwanza watu wakaona timu zote mbili zimechukua mashujaa kwa bahati nasibu na wote kumi wakajazana njia ya kati, kama watoto kwenye mlango wa darasa. Kuna waliofurahia, sikatai. Baadaye ikabainika kuwa timu hizo zilipatana kugawana fedha. MLG wakaziondoa zote mbili: hakuna bingwa, hakuna wa pili, hakuna zawadi.

Marafiki mnaweza kubaki marafiki. Mtu akitaka kumpa rafiki yake nusu ya alichoshinda kihalali, wiki moja baadaye, kwa huruma yake mwenyewe, sina neno, ingawa someni kanuni kwanza. Lakini mkipatana kabla, mmeondoa kitu ambacho si chenu. Fainali ilikuwa ya wote mliowatoa njiani. Timu ile mliyoitoa nusu fainali kwa tofauti ya jengo moja ingeicheza kwa meno.

Vunjeni makubaliano leo, kwa maandishi, kila timu ipate nakala. Mkitaka kuchekesha watu, ombeni waandaaji wawape mechi ya maonyesho baada ya fainali, itangazwe hivyo, na huko mvae hata mabeseni kichwani.

*

*Refa, naomba usitaje timu yangu. Tumeshatoka. Kuna mtu ananiambia kwa kuwa mechi ya mwisho haina maana, niweke dau dhidi yetu, "haitamuumiza yeyote". — Aliyechoka*

Hapana.

Jua namba 322. Mwaka 2013 mchezaji wa gemu ya Dota 2 kutoka Urusi, Solo, aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe kwenye mechi ambayo timu hiyo haikuwa na cha kuipigania. Angelipwa dola 322. Alifungiwa. Adhabu ikapunguzwa, akarudi, akawa kapteni wa timu kubwa na kushinda mataji makubwa, na bado kila mchezaji wa Dota duniani akifanya kosa la kijinga watu wanaandika 322 kwenye skrini. Mataji yake hawayaandiki.

Huyo anayekushawishi alikuchagulia wewe mechi hii kwa sababu haina kitu kwako. Ndizo mechi wanazozitafuta. Usimjibu tena, hifadhi ujumbe wake, mpelekee mwandaaji leo. Ukichelewa hadi baada ya mechi utaulizwa kwa nini, na hutakuwa na jibu zuri hata kama hukupokea senti. Halafu, kwa kuwa umejiita hivyo: kama umechoka, mwambie kapteni wako umechoka. Kupumzika mechi hiyo moja si aibu.

*

*Shikamoo babu Refa. Nina miaka 14. Nilicheza na mtu maarufu sana mtandaoni, yeye alikuwa ameshafuzu. Akawa anazungukazunguka tu na kucheza dansi, hakupigana, nikashinda. Mwishoni niandike "gg" au nisiandike? Nilikaa nimeangalia skrini. — Mshindi Asiyefurahi*

Marahaba, mjukuu wangu (ingawa hilo la babu tutalizungumza siku nyingine).

Kwa desturi ya wazee wa StarCraft, "gg" huanza aliyeshindwa. Anasema mchezo ulikuwa mzuri, kisha anaondoka. Mshindi akitangulia huonekana anamcheka mwenzake. Kwa hiyo haikuwa zamu yako. Ilikuwa ya yule, naye alikuwa anacheza dansi.

Najua ulichonyimwa. Ulikuwa umejiandaa kwa mechi hii wiki nzima, sivyo? Umeangalia michezo yake ya zamani, umejua anapenda kuingia upande gani. Ungepigwa, pengine vibaya, na ungetoka na kitu cha kufanyia kazi. Sasa una ushindi usioweza hata kumsimulia mtu.

Fanya hivi. Mwandikie, kwa adabu, bila lawama: "Kaka, nilijiandaa kucheza nawe. Ukipata nafasi, nikuombe mchezo mmoja wa kweli, hata wa kirafiki." Nimeona wakubwa wengi wakiona haya wakiandikiwa hivyo na mtoto, na wengi wao wanakubali. Akikubali, mwanzoni andika "glhf" kama kawaida, umtakie bahati na furaha. Akikupiga, "gg" itakuwa yako. Uniandikie tena uniambie ulidumu dakika ngapi.